Sukari inaenda, ukali unabaki: namna ya kuchagua pome za kufanya sidre hapa Kasaji

Mutu mwenye kutaka kufanya sidre ku nyumba anaenda ku soko, anaonja pome, anachukua ile yenye utamu kupita zote. Wiki tatu kisha, anafungua chupa: kinywaji ni chepesi sawa maji, hakina ladha, hakina harufu, na franga zimepotea. Hakukosea ku bido wala ku levire. Alikosea ku soko.

Kosa hilo linaeleweka. Pome hapa kwetu inatoka mbali, inauzwa moja moja, na kila mutu anajua pome ya muzuri ni ile yenye utamu. Lakini pome ya kula na pome ya sidre ni vitu viwili. Habari hii inaeleza juu ya nini, pome gani kati ya zenye kufika Lualaba zinaweza kusaidia, na namna gani nanasi, maembe na masuku ya Kasaji yanaweza kufanya kazi yenye pome peke yake haiwezi kufanya.

Sidre ni nini?

Sidre ni maji ya pome yenye yamechacha. Haipikwe ku moto sawa lutuku. Nguvu yake mara mingi iko kati ya 4 na 8 kwa mia, ni kusema karibu na bia ao kuipita kidogo. Inchi zenye kujulikana zaidi kwa sidre ni Ufaransa, zaidi sana Normandie na Bretagne, Uingereza, ku Somerset na Herefordshire, na Hispania, ku Asturias. Huku kwetu watu wameijua zaidi kupitia chupa za Afrika ya Kusini: Hunter's, yenye ilianza kuuzwa mwaka wa 1988, na Savanna, yenye ilitoka mwaka wa 1996.

Hata hivyo, kazi ya kuchachisha haiko mupya kwa wakaaji wa Lualaba. Wamama wenye kufanya munkoyo wanajua kwamba uji wa mahindi, ukitiwa muzizi wa munkoyo wenye kupondwa, unakuwa mwepesi na mutamu, kisha unaanza kuchacha. Muzizi huo unageuza unga kuwa sukari, na sukari inageuka kuwa pombe. Kuko pia pombe ya asali, yenye wazee wa pori wanaijua tangu zamani. Kwa matunda, kazi ni fupi zaidi: sukari iko tayari ndani ya tunda. Kinachobaki ni kuchagua tunda lenyewe.

Juu ya nini utamu peke yake haufae

Hapa ndipo siri ya kazi yote. Levire ni kiumbe kidogo chenye kula sukari. Inapokula, inatoa vitu viwili: pombe, na gazi ile yenye kufanya povu. Kwa hesabu ya kawaida, gramu 17 hivi za sukari katika lita moja zinafanya pombe ya 1 kwa mia. Maji ya pome yenye gramu 110 za sukari kwa lita yatafanya sidre ya 6 kwa mia na kidogo.

Levire ikimaliza kazi, sukari imekwisha, ao karibu kwisha. Ule utamu wenye ulikufanya uchague pome fulani ku soko hauko tena ndani ya chupa. Umekuwa pombe. Sasa ni nini kinabaki juu ya ulimi? Vinabaki vitu vitatu: ukali, ukakasi na harufu.

Ukali ni ile ladha ya ndimu, yenye kufanya mate yatoke. Unapatia sidre uhai, na pia unailinda, kwa sababu vijidudu vingi vibaya haviwezi kuishi ndani ya maji makali. Ukakasi ni ile hali ya kukamata ulimi na kukausha kinywa, sawa unapokula pera bichi ao ndizi bichi, ao unapokunywa chai yenye imekaa sana ndani ya maji ya moto. Watu wa sayansi wanaiita tanini. Hiyo ndiyo inafanya kinywaji kisikie "kizito" mu kinywa, kisikuwe maji.

Kwa hiyo pome tamu, isiyo na ukali, isiyo na ukakasi, ikichacha inaacha pombe na maji tu. Na pome yenye kukunja uso wakati wa kuila inaweza kutoa sidre ya muzuri sana.

Waingereza waliweka jambo hili katika hesabu zamani. Mu mwaka wa 1903, mutafiti mumoja anayeitwa Barker, ku kituo cha Long Ashton karibu na muji wa Bristol, aligawanya pome za sidre katika makundi manne. Alitumia mipaka miwili: ukali wa 0,45 kwa mia na tanini ya 0,2 kwa mia. Kundi la kwanza ni pome tamu, zenye ukali kidogo na tanini kidogo. La pili ni pome kali, zenye ukali mwingi na tanini kidogo. La tatu ni tamu-chungu, zenye tanini nyingi na ukali kidogo. Pome Dabinett ni ya kundi hilo. La nne ni kali-chungu, zenye vyote viwili. Kingston Black ndiyo yenye kujulikana zaidi. Mufanyaji wa sidre wa kule anachanganya makundi hayo mpaka anapata usawa. Makundi mawili ya mwisho hayauzwe kwa kula, kwa sababu hakuna mutu anayeyapenda mu kinywa.

Pome zenye kufika Lualaba

Pome zenye kuuzwa ku Kolwezi, na zile chache zenye kufika mpaka Kasaji, zinatoka zaidi Afrika ya Kusini, ambako zinalimwa ku Elgin, Grabouw na Ceres, katika jimbo la Western Cape. Zinapita Zambia, zinaingia kwa Kasumbalesa, kisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Zote ni pome za kula. Pome za ukakasi, za kundi la tatu na la nne, hazifike huku. Lakini kati ya zile zenye kufika kuko tofauti kubwa, na ni vizuri kuzijua kwa majina.

Granny Smith ni ile ya kijani, ngumu, yenye ukali. Ilipatikana ku Australia katika miaka ya 1860, na jina lake linatoka kwa mama aliyeitwa Maria Ann Smith. Watu wengi hawaipende kula. Kwa sidre, ndiyo ya kwanza ya kutafuta, kwa sababu ndiyo inaleta ukali wenye zingine hazina.

Golden Delicious ni ya rangi ya manjano, tamu, na ukali wake ni wa kadiri. Inatoa maji mengi. Ni pome ya kujaza bido, lakini ikibaki peke yake ladha yake ni nyepesi.

Pome nyekundu-nyeusi, yenye umbo la kurefuka na vinundu tano chini, ni ya jamaa la Red Delicious. Majina Starking na Topred ni ya jamaa hilo. Inapendeza macho kupita zote, na ndiyo inadanganya watu kupita zote. Ukali wake ni kidogo sana. Usiifanye kuwa zaidi ya robo ya pome zako.

Royal Gala, yenye mistari ya nyekundu juu ya manjano, ni tamu na ina harufu ya muzuri. Fuji ni tamu sana, yenye sukari mingi. Pink Lady ina sukari na ukali pamoja. Ukipata hiyo peke yake, unaweza kufanya sidre bila kuchanganya sana, lakini bei yake mara mingi iko juu.

Jambo lingine ni wakati. Afrika ya Kusini wanavuna pome kuanzia mwezi wa pili mpaka mwezi wa tano hivi. Zenye kuuzwa miezi mingine zilikaa ndani ya vyumba vya baridi. Pome yenye imekaa siku nyingi inapoteza ukali polepole. Ndiyo maana pome za mwezi wa tatu ao wa ine zinafaa kwa sidre kupita zile za mwezi wa kumi na mbili, hata kama jina ni lile lile.

Namna ya kuijaribu pome mbele ya kununua nyingi

Nunua moja ya kila aina kwanza. Ipasue katikati. Mbegu zikikuwa nyeupe, tunda lilivunwa mbele ya wakati. Zikikuwa kahawia, limekomaa. Tafuna kipande polepole, halafu sahau utamu: angalia kama mate yanatoka (ukali) na kama ulimi unakauka (ukakasi).

Kuko kipimo kingine, cha sayansi lakini cha bei ya chini. Ku farmasi wanauza dawa ya iyodi ya kusafisha vidonda. Weka matone juu ya kipande cha pome yenye imekatwa, ngojea dakika mbili tatu. Mahali penye kugeuka bluu-nyeusi, kuko wanga yenye haijakuwa sukari. Kipande kikibaki na rangi ya dawa tu, sukari iko tayari. Kikigeuka cheusi chote, acha pome zikae wiki moja mahali pa baridi, kisha ujaribu tena. Kile kipande tupa, usikile. Kipimo hiki kinafaa pia kwa maembe na ndizi.

Juu ya pome zenye kuumizwa mu njia: barabara ya Kolwezi kwenda Dilolo inajulikana, zaidi sana wakati wa mvua, na pome zenye kufika na alama za kupigwa si chache. Hizo zinaweza kufaa, na wauzaji mara nyingine wanazipunguza bei. Kata mahali penye kupondeka, tumia zinazobaki. Lakini pome yenye kuoza na kufanya kuvu, ile ya bluu ao ya kijivu, usiitumie hata nusu yake. Kuvu hiyo inaweza kufanya sumu yenye kuitwa patulini, na kuichemsha hakuitoe. Ni sumu yenye kuchungwa dunia muzima: Codex Alimentarius, kanuni ya chakula ya FAO na OMS, inakataa maji ya pome yenye kupita mikrogramu 50 za patulini kwa kilo moja. Hakuna hesabu ya franga yenye inaweza kuifanya pome iliyooza kuwa faida.

Kuchanganya: hesabu ya bido ya lita 5

Kwa mutu mwenye hana mashine, kilo 10 za pome zinatoa lita 5 hivi za maji, mara nyingine chini. Mugawanyo wa kuanza nao ni huu: kilo 6 za pome tamu (Golden, Gala ao Fuji, muzuri zaidi kama ni aina mbili) na kilo 4 za Granny Smith.

Ukakasi utatoka wapi, kama pome zake hazifike huku? Kutoka kwa chai. Loweka paketi 2 za chai nyeusi katika kikombe kimoja cha maji ya moto kwa dakika 10, acha ipoe, mwanga ndani ya lita 5. Wafanyaji wengi wa sidre ya nyumbani katika inchi zingine wanafanya hivyo, kwa sababu hata wao hawapate pome chungu siku zote. Chai ndani ya kiasi hicho haisikike kama chai. Inasikika kama uzito.

Mbele ya kumwanga vyote pamoja, jaribu ku vikombe. Tia vijiko 6 vya maji ya pome tamu na vijiko 4 vya Granny Smith, onja. Kikombe cha pili: 5 kwa 5. Cha tatu: 7 kwa 3. Chagua kile chenye unasikia ukali ungali chini ya utamu. Kumbuka: utamu utaenda. Kama sasa ukali hausikike kabisa, kisha wiki tatu hakutakuwa kitu.

Lakini kilo 10 za pome ni franga ngapi?

Hapo ndipo watu wengi wa Kasaji wanasimama, na wako na haki. Pome yenye kununuliwa moja moja, kilo 10 ni mutaji wa mama mwenye kuuza ku meza. Sidre ya pome tupu hapa ni kinywaji cha sikukuu, si cha biashara.

Ila somo la ukali, ukakasi na sukari halikuandikwa kwa pome tu. Ukiangalia matunda ya hapa kwa jicho lile la Barker, unakuta makundi yote yako.

Nanasi iko katika kundi la kali. Ina sukari sawa pome ao kupita, ina ukali mwingi, ina harufu yenye nguvu. Inaweza kushika mahali pa Granny Smith yote. Nusu maji ya nanasi, nusu maji ya pome tamu, pamoja na kikombe cha chai: hiyo inapunguza pome kutoka kilo 10 mpaka 5. Chagua nanasi yenye kukomaa, yenye kunukia ku kitako.

Maembe iko katika kundi la tamu. Mu mwezi wa kumi na mbili maembe yanaoza chini ya miti kwa sababu kila mutu anayo na hakuna mununuzi. Nyama yake ni nzito. Iponde, ongeza maji kiasi sawa, na gramu 100 za sukari kwa kila lita ya maji yenye umeongeza. Kwa sababu ukali wake ni kidogo, ongeza maji ya ndimu: anza na ndimu 3 kwa lita 5, onja, ongeza.

Masuku ni tunda la pori lenye utamu na harufu yake yenyewe, na ganda lake lina ukakasi. Kwa hiyo tunda moja linaleta vitu viwili. Toa nyama, isugue ndani ya maji ya vuguvugu bila kuvunja mbegu, na acha maganda machache yaliyosafishwa yakae ndani siku moja ao mbili, kisha yatoe. Hesabu ya sukari ni ile ya maembe. Ku Malawi watu wanafanya divai ya masuku. Hiyo inaonyesha kwamba tunda hili haliko la watoto wa porini tu. Mapundu pia yanaweza kulowekwa, lakini nyama yake ni kavu na inaomba maji zaidi.

Kwa kusema kweli, vinywaji hivyo haviko sidre kamili. Watu wa lugha watasema ni divai ya matunda. Lakini kazi ni moja, bido ni moja, na ladha inatoka mu mupango ule ule.

Kupanda muti wa pome hapa?

Watu wanauliza hilo, na wengine wanachunga mbegu za pome yenye walikula. Mambo mawili yanazuia. Kwanza, mbegu ya pome haizae tunda lile lile la mama yake. Pome za soko zote zinatoka ku miti yenye kuunganishwa. Pili, muti wa pome unahitaji baridi ya kulala. Aina nyingi zinaomba mamia ya saa za baridi kali kwa mwaka, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa Kasaji haifike hapo.

Kuko aina zenye kuomba baridi kidogo, sawa Anna, yenye ilitengenezwa ku Israeli, na Dorset Golden. Ku Uganda zinalimwa katika wilaya ya Kabale, na Tanzania wanalima pome ku Njombe. Lakini hayo ni maeneo ya milima yenye kukaribia ao kupita metre 1 800 kwenda juu. Kasaji iko chini sana ya hapo, na hata chini ya Kolwezi. Mwenye kupenda kujaribu ajaribu na miche ya Anna, asijaribu na mbegu ya Starking.

Kazi yenyewe, kwa kifupi

Safisha matunda na maji ya vuguvugu. Pome za Afrika ya Kusini mara mingi zimepakwa nta ya kung'arisha. Kata, toa mbegu, twanga ndani ya kinu safi ao kwangura. Mwenye frigo ya kugandisha anaweza kuzigandisha usiku mumoja na kuziacha ziyeyuke: zinalainika na zinatoa maji mengi zaidi. Kamua ndani ya kitambaa safi chenye kimechemshwa.

Mwanga ndani ya bido safi, acha nafasi ya povu juu. Ongeza nusu ya kijiko cha chai ya levire ya mukate kwa lita 5. Usifunge kizibo kwa nguvu: pitisha kamupira ndani ya kizibo, na nchi nyingine ya kamupira iingie ndani ya chupa ya maji. Gazi itatoka, hewa haitaingia. Hewa ikiingia siku nyingi, kuko vijidudu vyenye kugeuza pombe kuwa siki, na hapo hakuna dawa, labda kuitumia kwa salade.

Weka bido mahali pa giza na baridi. Mu kipindi cha kiangazi, kazi inaweza kuchukua wiki tatu. Wakati wa joto, wiki moja ao mbili. Mapovu yakiisha na maji yakianza kuangaza, hamisha na kamupira ndani ya bido lingine, ukiacha matope chini. Ngojea tena wiki mbili. Sidre ya kwanza siku zote ni kali mu kinywa. Inatulia na wakati.

Mambo matatu yenye kuumiza watu

Ya kwanza ni bido. Katika jimbo la mukuba, bido nyingi zenye kuuzwa ku masoko zilibeba kwanza asidi, mafuta ao bidhaa zingine za kazi ya madini. Kuosha na Omo hakutoe vitu hivyo, na maji makali ya matunda yanavivuta kutoka ndani ya plastiki. Tumia bido ya mafuta ya kula ao ya maji, yenye unajua ilibeba nini. Vyombo vya chuma, vya mukuba ao vya zenki usiviache na maji ya matunda hata usiku mumoja: ukali unakula chuma na kinaingia ndani ya kinywaji.

Ya pili ni chupa. Sidre yenye haijamaliza kuchacha, ikifungwa ndani ya chupa ya kioo, gazi inajaa na chupa inapasuka. Vipande vimekwisha kutoboa macho ya watu. Tumia chupa za plastiki za soda. Ukizigusa na zimekuwa ngumu sawa jiwe, fungua polepole, gazi itoke.

Ya tatu ni kishawishi cha kuipika ku moto ili iwe na nguvu. Hapo si sidre tena, ni lutuku ya matunda, na hatari zake zote zinarudi: nguvu yenye haipimwe, mabomba ya chuma cha zamani, watu wenye kuongeza alkoli ya kiwanda, na macho yenye kupofuka. Faida ya sidre ni hii hasa, kwamba inabaki chini. Na hata ikiwa chini, ni pombe: si ya mama mwenye mimba, si ya mutoto, si ya mwanamoto mwenye kuwa ku barabara.

Mwenye kufikiri kuuza, kazi ya nyumbani haitoshe. Kinywaji chenye kuwekwa mu chupa na kuuzwa kinapaswa kupita kwa OCC, ofisi ya serikali yenye kupima ubora wa bidhaa, na utawala wa mahali unapaswa kujua. Ulize mbele ya kununua chupa mia.

Hesabu ya miti

Kuko jambo la mwisho, na linapita chupa. Zamani, mutu akifyeka shamba, aliacha masuku na mupundu zisimame kwa sababu ya matunda. Siku hizi makala inatafutwa kila siku, na muti wa matunda unaingia ndani ya tanuru sawa muti mwingine wowote. Gunia la makala linalipa mara moja. Lakini muti wa masuku wenye umepandwa na mbegu unaweza kungojewa zaidi ya miaka 10 mbele ya kuzaa.

Kama tunda lake halina bei, hakuna mutu atauacha muti. Likipata kazi ndani ya bido, hesabu inaanza kubadilika: muti mumoja unatoa lita ngapi kila mwaka, na gunia linatoa ngapi mara moja tu? Masuku yanaanza kuiva wakati mvua za kwanza zinarudi, mu mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Nanasi na maembe yanafuata. Pome za Granny Smith zenye ukali wa muzuri zitangojea mwezi wa tatu. Mwenye kutaka kujaribu anaweza kuanza na lita 5 za matunda ya hapa, aandike ku kitabu alitia nini na kiasi gani, na wakati pome zitafika atakuwa amekwisha kujua ni nini cha kutafuta ku soko: si utamu, ni kile chenye kitabaki wakati utamu umekwenda.